Shawa Iliayo Kabla ya Alfajiri

  

Baada ya darsa ya akina mama, mtoto mdogo alinijia akanitilia mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne, kisha akakimbia. Haikuwa na jina, nami sikuuliza ni ya nani. Nimeyabadilisha mawili matatu yaliyomo ili mwenyewe asitambulikane, lakini kiini chake ni hiki. Mwandishi ni mke mwenye umri mdogo, hajatimiza mwaka tangu aolewe, na anaishi upande wa Kisauni katika nyumba ya wakwe zake. Orofa wanayoishi ina vyumba vinne na hamamu moja. Shawa ya hamamu hiyo, kila ifunguliwapo, hupiga ukemi mrefu kama honi ya meli iingiayo Kilindini, na ifungwapo hugonga ukutani kishindo kimoja. Mchana hakuna ajaliye. Lakini saa kumi za usiku, nyumba ikiwa kimya, sauti ile huamsha hata kuku wa jirani.

Siku moja, wakinywa chai ya asubuhi, wifi yake alisema kwa mzaha kuwa siku hizi muadhini hana kazi, kwani shawa humtangulia. Waliokuwepo wakacheka. Bavyaa aliinuka akaenda zake, na mavyaa akainamisha macho kwenye kikombe chake. Tangu siku hiyo dada yetu huyu haogi tena kabla ya Alfajiri. Hungoja mpaka watu wote wameamka, jua limetoka, vijana wameoga na kwenda makazini, ndipo naye huingia akaoga josho lake na kuilipa sala. Ameuliza maswali mawili. Je, yafaa atayamamu na kusali kwa wakati, kwa kuwa anaona haya? Na je, dhambi ni yake, ilhali kosa ni la shawa?

Nakiri kwamba nilipoisoma mara ya kwanza nilitabasamu. Nilipoisoma mara ya pili tabasamu liliniondoka, kwani sala za Alfajiri za miezi kadhaa zimepotea katika nyumba ya Waislamu kwa sababu ya kipande cha mpira kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati.

Tuanze na hukumu, kisha tuingie hamamuni. Haya ni katika imani, na mke mwenye kuona haya hapaswi kuchekwa. Hata hivyo tayamamu ina sharti zake: kukosekana kwa maji, au maradhi ambayo maji huyazidisha, au baridi kali yenye kudhuru mtu asipopata cha kuyapashia moto. Kuona haya kwa sababu ya sauti ya shawa hakumo katika orodha hiyo, wala Mombasa hatuna baridi ya kumdhuru mtu. Basi maji yapo na mwili ni mzima, hivyo josho ni lazima, na sala haifai kutolewa nje ya wakati wake. Zile zilizopita azilipe, kila siku kiasi awezacho, bila kuzembea. Ama dhambi, Mola ndiye ajuaye kilichomo nyoyoni. Mimi nitasema tu kwamba asiyejua hukumu hali sawa na aliyejua akaacha, na dada huyu ameuliza. Kuuliza kwenyewe kuna watangulizi watukufu. Ummu Sulaym alimwendea Mtume (s.a.w.) kumuuliza juu ya josho la mwanamke aliyeota, akatanguliza kusema kuwa Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki. Na Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Sasa nafuu zilizopo, nazo ni pana kuliko dada yetu anavyodhani. Kwanza, hakuna aliyesema josho liogewe kabla ya adhana tu. Mtu anaweza kuoga usiku ule ule kabla ya kulala. Katika joto letu hili, ni nyumba gani ambayo watu hawaogi saa nne au saa tano za usiku? Shawa ikilia saa hiyo ni mojawapo ya kelele nyingi, pamoja na televisheni na pikipiki za njiani. Na anayetaka kulala kabla ya kuoga, sunna ni atie udhu kwanza, kisha aoge kabla wakati wa Alfajiri haujambana. Katika Ramadhani pia, aliyepambazukiwa na janaba saumu yake ni sahihi, kwani wameyapokea hayo Bi Aisha na Ummu Salama (r.a.) kutokana na mwendo wa Mtume mwenyewe. Lakini sala ya Alfajiri inabaki na wakati wake.

Pili, ambalo ndilo kubwa zaidi: josho halihitaji shawa. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii nguzo za josho ni mbili tu, kutia nia na kuyafikisha maji mwili mzima, nywele na ngozi. Anas bin Malik (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitia udhu kwa kibaba kimoja na akioga kwa pishi moja, na pengine hufika vibaba vitano. Bibi zetu walikuwa wakipima mchele kwa pishi na vibaba, kwa hiyo wasingehitaji sherehe ya hadithi hii. Kwa vijana wa leo niseme kwamba pishi ya kisheria haifiki lita tatu. Shawa ya kawaida yenye maji ya nguvu hutoa lita nane hadi kumi kwa dakika moja, na mwenye kusimama chini yake kwa dakika tano ametumia maji ya majosho kumi na tano ya Mtume (s.a.w.). Na mwenye nywele zilizosukwa asihofu. Ummu Salama aliliuliza hilo hasa, akajibiwa kuwa si lazima kuzifumua kwa josho la janaba, yatosha kujimiminia kichwani mateko matatu, maadamu maji yanafika ndani.

Kwa hiyo dada yangu, usiku wa leo jaza ndoo nusu, uiweke hamamuni pamoja na kata au kopo. Alfajiri usiiguse shawa. Osha mikono, ondoa najisi kama ipo, tia udhu, mimina kichwani mara tatu, kisha upande wa kulia na wa kushoto. Kopo liwe karibu na mwili, maji yateleze badala ya kuanguka, na hutasikika hata kwa aliyelala chumba cha pili.

Naandika haya nikikumbuka kwamba wazee wetu wa pwani hawakuwa na tatizo hili kamwe. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale hapa Mombasa zilikuwa na birika ndani ya hamamu, limejengwa kwa mawe na kupigwa chokaa mpaka likawa laini kama bakuli. Maji yalitekwa kisimani yakatiwa humo, na mara nyingi waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mtu aliteka kwa kata ya kifuu yenye mpini mrefu. Misikiti nayo ilikuwa hivyo hivyo, na mwenye kuzuru magofu ya Gedi kule karibu na Watamu ataona birika la msikiti mkuu na mawe ya kusugulia miguu. Ghusli zote za ukoo mzima zilipita kimyakimya. Sisi tumeleta mabomba, tukapata raha, tukapata na kelele. Sisemi tuyang'oe mabomba. Nasema ndoo na kata visitupwe.

Hata hivyo ndoo ni dawa ya usiku wa leo tu. Shawa inayolia ni shawa inayosema kitu, na aghalabu inasema kuna maji yanayopotea au kifaa kinachokaribia kuharibika. Israfu imekatazwa katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, nasi watu wa Mombasa tulipaswa kuwa wa mwisho kuisahau aya hiyo. Mji huu hauna mto wake wa maji matamu. Maji tunayoyafungulia mfereji yametoka Mzima huko Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililolazwa miaka ya 1950, au Baricho kando ya mto Sabaki, au chemchemi za Marere na visima vya Tiwi upande wa Kwale. Hayatoshi, kwa hiyo huja kwa zamu, na kila nyumba ikajipatia tangi juu ya paa, wengine pampu, wengine kisima. Hapo ndipo zilipozaliwa nyingi katika kelele hizi. Maji ya zamu huleta hewa ndani ya mabomba. Pampu huleta nguvu ambayo mabomba hayakufungwa kuistahimili. Na maji ya visima vyetu, yapitayo katika matumbawe, huacha chokaa gumu kila yanapopita, ambalo wengi hulisema tu kuwa ni chumvi.

Basi, inapolia, isikilize kwanza. Ukemi au mluzi maana yake maji yanalazimishwa kupita penye uwazi mwembamba. Kishindo cha mara moja wakati wa kufunga maana yake maji yaliyokuwa yakienda mbio yamezuiwa ghafla, yakalipiga bomba, na bomba likaupiga ukuta. Kukohoa na kububujika ni hewa. Mngurumo mzito unaoanza punde tu mfereji ukifunguliwa na kuendelea hata ukiziba masikio ni pampu. Shawa ya dada yetu ina mbili kati ya hizi, ukemi na kishindo, nazo mara nyingi huandamana.

Ili kujua ukemi unatoka wapi, fanya majaribio matatu, ambayo hayahitaji fundi wala hayahitaji mume arudi kazini. La kwanza, fungua mfereji wa shawa mpaka mwisho. Ikiwa hulia sana ukiwa nusu na hunyamaza ukiwa wazi kabisa, ugonjwa umo ndani ya mfereji. La pili, kizungushe kichwa cha shawa kwa mkono, au kwa koleo lililovishwa kitambaa kisikwaruzwe, mpaka kitoke, kisha fungua maji bila hicho kichwa. Kelele ikiisha, kichwa kimeziba. La tatu, funga shawa, fungua mfereji wa jikoni au wa karo la kunawia. Ikiwa nao unalia, acha kuishtaki shawa. Shida iko huko nyuma, kwenye pampu au kwenye kifungio cha tangi.

Kichwa kilichoziba ndicho chenye tiba nyepesi kuliko zote. Kitie ndani ya bakuli la siki nyeupe tangu baada ya Isha mpaka asubuhi, kisha kisugue kwa mswaki wa zamani na kuzibua vitundu kwa sindano ya cherehani. Kama hakitoki ukutani, tia siki katika mfuko wa plastiki, kizamishe humo, ufunge mfuko kwa mpira. Kisikae zaidi ya usiku mmoja, kwani siki hula ule mng'ao wake. Maji ya ndimu pia hufanya kazi, ila yanataka ndimu nyingi, na ndimu zina kazi bora zaidi kwenye samaki. Nahadharisha jambo moja kwa msisitizo: usichanganye siki na Jik wala dawa yoyote ya klorini. Hutoka hewa ya sumu, na hamamu zetu nyingi zina kidirisha kimoja kidogo. Suuza kwa maji mengi kwanza, na Jik iwe siku nyingine.

Mfereji nao una moyo wake ndani. Katika ile ya kuzungusha kuna kipira cha duara, ambacho mafundi hukiita washa. Kikichakaa au msumari wake ukilegea, hutetemeka maji yanapopita, kama jani lililotiwa mdomoni na mtoto anayelipuliza. Huo ndio ukemi. Dalili yake ya pili ni kuwa shawa huendelea kudondoka ikiwa imefungwa. Matone ya dakika chache si kitu, ni maji yaliyobaki katika bomba la juu. Lakini ukiweka ndoo usiku na kukuta asubuhi ina maji ya kutia udhu watu wanne, washa imekwisha. Kuibadilisha: funga maji kwenye tangi, fungua mfereji maji yaliyobaki yatoke, toa mpini, fungua nati kwa spana, toa washa ya zamani uende nayo dukani ili upewe ya kipimo hicho hicho. Bei yake haishindi mkate. Mke wangu aliibadilisha ya jikoni kwetu nikiwa safarini, na niliporudi sikuambiwa kitu mpaka nilipouliza mbona mfereji umenyamaza. Mifereji ya kisasa ya kuinua mpini haina washa ya namna hii, ina kijigololi kizima ambacho hutolewa na kutiwa kingine.

Kishindo cha kufunga kina dawa ya bure na dawa ya fedha kidogo. Ya bure ni kufunga polepole, hasa ile mifereji ya kuinua mpini ambayo watoto huipiga kofi. Ya fedha ni klipu za kulishika bomba ukutani. Tazama mahali ambapo bomba linapita nje ya ukuta, liguse kwa mkono huku mwenzio akifungua na kufunga. Likicheza chini ya kiganja chako, hapo ndipo pa kutia klipu. Kwa bomba lililozikwa ndani ya ukuta, fundi atapunguza nguvu ya pampu au kutia kifaa cha kupokea mshindo. Msikubali fundi avunje vigae kabla hajajaribu hayo.

Kukohoa kwa hewa hakuhitaji fundi wowote. Maji ya zamu yakirudi baada ya siku kadhaa, anza na mfereji wa chini kabisa, ule wa uani, uufungue kidogo kidogo mpaka uache kutema, ndipo ufungue wa juu.

Sasa nijishtaki mwenyewe. Shawa ya nyumbani kwangu Likoni ililia mwaka mzima. Nilimleta fundi, akabadilisha kichwa, ikalia. Akabadilisha mfereji, ikalia zaidi. Akaniambia bomba lote ni la kizamani na lafaa kubadilishwa, nami nikaanza kuhesabu fedha. Kabla ya hapo nikapanda juu ya paa kutazama kiasi cha maji, nikakuta kifungio cha tangi kimefungwa nusu. Ni mimi niliyekifunga, wakati wa uhaba, ili watoto wasimalize maji, kisha nikasahau. Maji yote ya nyumba yalikuwa yakijipenyeza katika ufa ule na kulia njia nzima mpaka chini. Nilikizungusha mara tatu, na kelele ikaisha papo hapo. Kifungio cha namna ile kikae wazi kabisa au kimefungwa kabisa. Nusu ndiyo iletayo balaa.

Shawa ya umeme nimeiacha mwisho kwa kuwa si jambo la majaribio. Mvumo mwepesi ni tabia yake ikiwa inapasha maji. Lakini ikianza kunguruma kama birika linalochemka, maji yanapita machache au chokaa limeganda kwenye waya wa moto. Maduka huuza shawa za maji matamu na shawa za maji ya chumvi, na mwenye kutumia maji ya kisima anunue hii ya pili, hata kama bei imezidi. Ukihisi mwili umesisimkwa na maji au ukigusa mfereji ukahisi mchomo, toka, zima swichi kuu, wala isifunguliwe tena mpaka fundi wa umeme aikague na kuhakikisha waya wa ardhi umeungwa. Hapo si suala la kelele tena, ni suala la roho.

Nani atagharimia? Dada yetu hakuliuliza hili, nami nadhani ni kwa haya ile ile. Mume wake ataniwia radhi. Imam Nawawi, katika kitabu chake Minhaj ambacho wengi tumekisoma madrasani tukiwa wadogo, alipofika mlango wa nafaka ametaja kuwa thamani ya maji ya josho la mke, ikiwa sababu yake ni tendo la ndoa au nifasi, iko juu ya mume kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Watu wengi hukipita kifungu hiki wakidhani ni cha zama ambapo maji yalinunuliwa kwa kiriba. Lakini ikiwa sheria imemtaka mume anunue maji yenyewe, atashindwaje na washa na klipu mbili, ilhali yeye ndiye sababu ya josho? Mume akisema nyumba ni ya wazee wake na hawezi kugusa bomba la baba yake, na aende kwa baba yake kwa adabu, aseme shawa inapoteza maji. Ni kweli, na haihitaji maneno zaidi ya hayo.

Nimebakisha neno kwa wifi, na kwa kila anayelala katika nyumba ya ukoo yenye hamamu moja. Ukisikia maji usiku, umesikia maji. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, imetukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, na sikio lililoamka kwa bahati halina ruhusa ya kuhesabu. Lililosikika kitandani halipelekwi mezani. Najua wifi hakukusudia kumtoa mwenziwe katika sala. Utani wa mawifi ni wa tangu na tangu, na pwani yetu ingekuwa kavu bila huo. Lakini kuna utani wa mapishi na utani wa mavazi, na kuna mlango ambao utani hauingii. Kama anasoma ukurasa huu na amejijua, asiende kuomba radhi mbele ya watu, kwani ataizidisha aibu. Aingie jikoni wakiwa wawili, amsaidie kazi, na siku nyingine mazungumzo ya chai yakielekea huko yeye ndiye ayageuze.

Mavyaa naye ana uwezo ambao hakuna mwingine aliye nao katika nyumba ile. Yuko mama mmoja wa mtaa wangu, sasa ni marehemu, Mola amrehemu, ambaye alipoozesha mwanawe wa kwanza aliweka ada ya kuamka kabla ya watu wote na kufungua mfereji wa uani akijaza mapipa, kila alfajiri, kwa kelele za kutosha. Mkwe wake alipata kuniambia, miaka mingi baadaye, kuwa kwa muda mrefu alidhani mavyaa wake ni mtu wa kupenda maji tu.

Juma lijalo, inshallah, nitamjibu mama wa Changamwe aliyeuliza juu ya zaka ya dhahabu anayoivaa arusini peke yake. Wenye maswali wayatie katika kisanduku cha mlango wa akina mama, na si lazima kuandika jina. Wabillahi tawfiq.